Mashine Kumi Bila Sindano

Kila alasiri akitoka shule, msichana mmoja aliyepachikwa jina la Chiriku kwa kupenda kuongea alipitia chumba cha ushonaji cha kina mama. Kazi yake ilikuwa kupitisha sumaku sakafuni ili kuokota pini, kisha kufagia vipande vya vitambaa. Lakini kwa wiki tatu sasa hapakuwa na cha kuokota wala cha kufagia. Hakuna aliyeshona.

Mashine zilikuwepo, kumi nzima, za umeme, zimepangwa safu mbili. Kiwanda kikubwa cha nguo kiliwapa kina mama bila kudai chochote. Siku mashine hizo zilipoletwa, mama yake Chiriku alipiga magoti palepale mlangoni akamshukuru Mungu. Walishona miezi miwili mpaka majirani wakawaonea gere. Kisha sindano zilizokuja na mashine zikaanza kuvunjika, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha. Za dukani zilikuwa nene, haziingii. Mama mdogo wake Chiriku alijaribu kuchonga moja kwa tupa. Ikakatika, kipande kikaruka na kumkosa jicho kidogo tu.

"Kwa nini msiwaambie kiwandani?" Chiriku aliuliza.

"We mtoto!" Mwenyekiti wa kikundi alimkata kauli. "Mtu akupe mashine kumi, halafu umdai na sindano? Wakituona tuna midomo watazichukua wawape wengine."

Mama yake aliinamia vitambaa vyake. Alikuwa amepokea kazi ya kushona sare za wanafunzi arobaini, na mwalimu mkuu alishasema zisipokuwa tayari mwisho wa mwezi, kazi itapewa fundi mwingine. Vitambaa vilikuwa vimekatwa, vimekunjwa, vinangoja.

Habari ikaja kwamba Ijumaa wageni wa kiwanda watafika kuona maendeleo na kupiga picha. Chiriku akachaguliwa kusoma risala. Mwenyekiti akawapanga kina mama.

"Nyie kanyageni pedeli, mashine zingurume. Inamisheni vichwa. Mgeni hawezi kuchungulia chini ya kitambaa."

"Kwa hiyo tunashona hewa?" mama mdogo akauliza. Chumba kizima kikaangua kicheko, isipokuwa mama yake Chiriku.

Ijumaa mashine zilinguruma kweli. Afisa wa kiwanda, mama mmoja mpole mwenye miwani, alikaa mbele. Pembeni yake alisimama fundi wa mashine wa kiwandani. Chiriku akaanza kusoma kwa sauti nzuri, akashukuru kwa niaba ya kikundi, akashukuru tena. Alipofika palipoandikwa "tunashona kila siku", akamtazama mama yake, akanyamaza.

"Maandishi hayasomeki, mwanangu?" Afisa aliuliza.

"Yanasomeka, mama. Ila si kweli."

Mpiga picha akashusha kamera. Mwenyekiti akashika kichwa. Chiriku akaeleza yote: sindano, tupa, na sare za watu zinazongoja.

Afisa alivua miwani akaifuta taratibu. "Na mimi ofisini nimeandika kwamba mnashona," alisema. "Ahsante kwa kunisahihisha. Mashine ni zenu, hakuna wa kuzichukua. Lakini nami nisiwadanganye. Msaada wa mwaka huu umekwisha, na mwakani zamu ni ya mji mwingine. Siwezi kuwaahidi sindano."

Fundi alikuwa ameshainama kwenye mashine. "Hizi zinatumia sindano nyembamba za kiwandani," alisema. "Sisi tunaletewa makatoni kwa makatoni. Hatukuwaza kabisa kwamba mtaani haziuzwi." Akatoa mfukoni pakiti moja yenye sindano kumi, akawapa, akawaandikia na namba yake ya simu ili waulizie zinakoagizwa.

Siku hiyohiyo kina mama walikwenda kwenye duka la vifaa vya ushonaji. Mwenye duka alikuna kidevu. "Nikiagiza hizi zitanidodea. Nani atanunua?"

"Sisi!" wakaitikia wote kumi, wamejaa dukani mpaka mlango hauonekani. Mwenye duka akacheka, akainakili ile namba.

Sare zilikamilika siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi.

"Mama, mwenyekiti bado amenikasirikia?" Chiriku aliuliza wakitoka kuzipeleka.

"Hapana. Alikuwa na hofu tu, na hofu tulikuwa nayo sote. Nilipaswa kusema mimi, mtu mzima, ukasema wewe." Mama alimshika mkono. "Waliotupa mashine nawaombea katika kila sala, wala sitaacha. Lakini wao wanakijua kiwanda chao, chumba chetu tunakijua sisi. Mtu akikutendea wema, mshukuru, na umwambie ukweli, la sivyo wema wake utaishia njiani. Na pale mkono wake unapokoma, mwanangu, hapo ndipo sisi tunapoanzia."