Hatua za Marehemu Lambert

"Marehemu anatembea."

Orpha, jasusi wa serikali, simu sikioni, aliifunga breki pikipiki yake ya Yamaha katikati ya barabara.

"Rudia, Dokta."

"Papa yako, Orpha. Mukanda yake inatuma hatua. Réseau ya simu imeshika asubuyi hii."

Papa Lambert, baba yake, nahodha mzee wa mtoni, alisemekana kuwa amezama juma lililopita. Ilionekana kofia tu. Nyumbani watu walikuwa bado wamekaa matanga. Daktari Alexis ndiye aliyemfunga kiunoni mkanda wenye kihisi, apime udhaifu wa uzee: anavyoinuka, anavyoyumba, anavyochoka.

"Kuna mwizi ameuvaa."

"Hapana. Anaburuta muguu ya kushoto. Anajaribu mara mbili ndio anasimama. Ni yeye, ao ni muzimu yake."

"Iko wapi?"

"Pa libongo. Baleinière ya bluu."

Lo! Mbona hakuliona mapema? Dhahabu ya magendo aliyokuwa akiifuatilia, kutoka Bafwasende, ilikuwa ishuke leo kwa mto hadi Basoko, na maji yalikuwa yamepungua. Nani mwingine angewapitisha kwenye mafungu ya mchanga ya mto ule? Walimwiba mzee, wakaacha kofia ielee. Na yeye, jasusi mzima, akaililia kofia!

Akakimbiza pikipiki hadi bandarini, akashika redio yake ya Motorola.

"Niko libongo. Mufunge muto."

"Bien reçu," askari wa mtoni wakaitikia.

Ukungu ulikuwa umetanda. Aliipanda ile mashua ya bluu kwa nyuma, bastola yake ya Glock mkononi. Chini ya sakafu alisikia kitu kikiburutwa.

Krr. Krr.

Mguu wa kushoto.

Désiré, mkuu wa magendo, aligeuka na bastola. Orpha alimwahi. Risasi moja, begani. Wenzake wakajitosa mtoni, wakaangukia mikononi mwa askari.

Akavunja mlango wa chini.

Papa Lambert alikuwa akitembea. Ukuta hadi ukuta, miguu imevimba, macho hayamwoni mtu. Mzee ambaye nyumbani hakufika msalani bila kushikwa mkono!

"Papa, simama. Ni mie."

"Hapana. Dokta alisema kila hatua anaiona. Donc, ndio maana natembea."

Orpha alilia bila aibu. Akamweka mgongoni, akavuka ubao kwenda nchi kavu. Simu ikalia.

"Orpha! Mwendo imegeuka! Hatua iko nguvu, si ya muzee. Papa iko wapi?"

"Mugongoni yangu."

Akakata simu, akaenda zake polepole kuwatawanya waombolezaji.