Kiti cha Mzee Nikodemo

Rafiki yangu Anord, fundi wa elektroniki pale Lushoto, hapendi kuyasimulia haya. Mzee Nikodemo aliyemfundisha kazi alishafariki, lakini Anord kila akifungua karakana hukiamkia kiti cha mzee huyo: "Shikamoo, mzee."

Siku hiyo ukungu ulitia giza mchana kweupe. Eliza, mkusanya maziwa wa kijiji cha Kwai, alikuwa amepiga simu alfajiri: "Kaka, mtambo wa kupozea umezima, maziwa yanachacha!" Anord akaenda, akaichomoa chipu ya kumbukumbu ya mtambo huo, akarudi karakana na, hoi kwa uchovu, akaandika programu ya kuisoma. Kila akijaribu, kompyuta haikusoma kitu. Akajaribu tena. Kimya. Kisha kikalia kitu tii, na herufi zikajipanga mojamoja kwenye skrini: MARAHABA ANORD.

Akanyoosha mkono aichomoe chipu.

Soketi ya kusomea chipu ilikuwa tupu. Chipu ilikuwa bado mfukoni mwake, ndani ya kiberiti alimoiweka asubuhi.