Mchumba wa Katibu

"Hapo pana mtu, dada."

Kiti kilikuwa kitupu. Muuguzi wa wodi ya watoto njiti akabeba sahani yake, akaenda kula dirishani, peke yake. Wiki ya tatu hiyo tangu mgomo uishe, na hakuna mwenzake aliyemsemesha.

Kosa lake? Wauguzi wote walipotoka, yeye alirudi ndani. Kulikuwa na vichanga wanne wasioweza kuachwa.

Aliyesoma uamuzi wa kumtenga mbele ya chama alikuwa katibu, mchumba wake mwenyewe.

Jioni ikaingia meseji: "Niko uani kwako. Fungua, watu wasinione."

Akafungua. Katibu akaingia, kofia imemfunika mpaka nyusi.

"Nimekukumbuka, mpenzi."

"Asubuhi tumepishana koridoni ukageuza uso."

"Wengi wameamua, mimi ni nani niwapinge? Hizo glavu unazovaa, hizo zamu fupi, tumezipata kwa kuwa kitu kimoja. Kila mtu angefuata moyo wake, tungepata nini?"

"Nazivaa, na nawashukuru. Lakini yule mdogo alikuwa anabadilika rangi mikononi mwangu. Ningemwambia asubiri kikao?"

"Ungeniuliza kwanza."

"Nilikupigia mara sita."

Katibu akainama.

"Nitakuwa nakuja hivi hivi, kimyakimya, mpaka wasahau."

"Mchana mimi maiti, jioni ndiyo nifufuke? Sitaki. Nenda, baba."

Akaenda. Dada wa watu akakaa kitandani bila kuvua viatu, akisikiliza majirani wakicheka upande wa pili wa ukuta. Alitamani hata mtu wa kugombana naye.

Siku mbili baadaye, saa ya kupokezana zamu, wauguzi wamejaa mbele ya ubao wa ratiba. Katibu akapita katikati yao, akasimama kando ya mchumba wake.

"Jana niliwaomba tumrudishe, mkakataa," alisema kwa sauti. "Ukatibu nimeuacha. Mkiitisha mgomo kesho nitatoka na nyinyi. Lakini huyu ni mchumba wangu, na nitaongea naye popote."

Mmoja akasonya. Wakatawanyika wawili wawili, hadi koridoni wakabaki wao tu.

Muuguzi akamtazama. Hasira haikuwa imemwisha, lakini upweke ule aliujua.

"Umekula?" akamuuliza.