Mahari ya Zabibu

Soko la Nyeri siku ya Jumamosi halina adabu. Mwaka wa sitini na sita, Rashid, muuza mchele wa Kagio, alikwepa gunia la viazi akamkanyaga msichana mguu.

"We kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Nimeyapata sasa hivi, dada."

Msichana, Zabibu jina lake, akacheka. Gauni la maua, sweta nyekundu, mtandio umeteleza kwa upepo wa mlimani. Rashid kwisha habari yake!

Walipendana waziwazi, mtaa mzima wa Majengo ukajua. Siku ya posa sheikh akamuuliza bibi harusi anataka mahari gani.

"Mama yangu alitusahau sote kabla ya uzee," Zabibu akasema. "Nyanya pia. Kaka zangu walimfungia mama chumbani kwa kufuli mpaka akafa. Mimi nikifika huko, Rashid, usinifungie. Na siku nisipokujua, usibishane nami. Piga hodi kama mgeni, uniachie heshima yangu. Hiyo ndiyo mahari, na mashahidi wamesikia."

Rashid aliwaka. "Ati nini? Wenzako wanaomba kitanda, wewe unaniombea mkosi!"

Akarudi Kagio na kiburi chake, jinga kabisa. Kula hakuli, kulala halali. Mwishowe akapiga simu kwenye duka la nguo ambako Zabibu alishonea barazani.

"Mpenzi, nimekubali mahari yako."

"Umechelewa."

Moyo wa Rashid ukapasuka.

"Kila siku nangoja hapa kwa simu, wewe kimya! Rudi, mjinga wangu."

Wakaoana, wakaishi raha zao. Hata miaka ya themanini ilipokuwa ikiisha, Zabibu akaanza kupoteza sindano, kisha njia ya sokoni. Kaka yake Athman akaleta kufuli. Rashid akamfukuza nalo, na kila Zabibu alipotoka kuzurura, alimfuata nyuma taratibu.

Jioni moja Rashid alirudi na maziwa, akamkuta mkewe akimkodolea macho ya woga. Akarudi nje.

"Hodi."

"Karibu, mgeni. Lakini mume wangu hayupo." Zabibu akavuta mtandio kwa haya. "Tumekosana, yuko Kagio. Nangoja simu yake."

Rashid alitamani kupiga kelele, ni mimi! Lakini alikuwa ameahidi.

"Atapiga?"

"Atapiga. Namjua. Kaa hapo barazani, baba, si vizuri uingie."

Akakaa kwenye baraza la nyumba yake mwenyewe, akalia kama mtoto. Zabibu akamletea chai.

"Usilie, mgeni," akamwambia. "Na wako atarudi."