Mkanda wa Cherehani

Kila siku Pini akirudi kutoka shuleni alivua viatu mlangoni, akamwamkia mama yake, kisha akaenda kula na Shangazi.

Shangazi hakuwa na kichwa. Mikono na miguu pia hakuwa nayo, ila mti mmoja wa kusimamia, kwa kuwa alikuwa sanamu la kupimia nguo. Lakini alisikiliza vizuri kuliko wengi wenye masikio mawili, na chakula cha mtu hakukigusa.

Mama yake Pini alikuwa fundi cherehani. Baba alikuwa dereva wa lori. Alirudi nyumbani siku mbili kwa mwezi, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kulala. Basi walibaki wawili, na katikati yao cherehani, ambayo iliongea kutwa nzima bila kuvuta pumzi.

"Mama, leo mwalimu..."

"Baadaye, mwanangu. Nashona."

"Tukae nje kidogo, basi?"

"Tutapumzika nikimaliza hizi."

Hizi zikiisha, zilikuja nyingine. Safari hii yalikuwa mashati thelathini ya sare za shule, ya kupelekwa Ijumaa asubuhi. Pini alitia vifungo, akakata nyuzi zilizoning'inia, akakunja. Nje wenzake waliruka kamba. Zamani walikuwa wakimwita. Siku hizi walikuwa wameacha, maana ukimwita mtu mara kumi, na mara kumi akujibu "nina kazi", nawe unachoka.

Chumba cha pili kilikuwa cha fundi viatu, mzee mwenye tumbo la furaha. Saa kumi kila siku alifunika visu na gundi yake, akajilaza kwenye benchi, kofia usoni.

"Msikie yule," mama alisema bila kuinua kichwa. "Anakoroma mpaka viatu vya watu vinataka kukimbia vyenyewe."

Alhamisi, wakati wa kukunja, Pini alitia kidole kwenye mfuko wa shati. Hakikuingia. Akajaribu shati la pili, la tatu. Lo! Mama alikuwa ameishona ile mifuko pande zote nne, hata mdomo.

"Mama, hii mifuko..."

"Pini! Si nimesema baadaye? Usinisemeshe, nitakosea."

Pini akafunga mdomo kama ile mifuko. Akamwendea Shangazi, akamnong'oneza. Shangazi alisikia yote. Hakufanya lolote.

Jumamosi mwalimu mkuu alikuja na mzigo wa mashati begani.

"Fundi, watoto wangu wanahangaika kutia kalamu mfukoni tangu jana. Mmoja kaniuliza kama mifuko hii ni ya kupigia picha tu." Kisha uso wake ukabadilika. "Nisipoyapata Jumatatu asubuhi, kazi ya mwaka mzima nitampa fundi mwingine. Niwie radhi, mama."

Alipoondoka, mama aligeuza shati moja, akageuza la pili.

"Yote thelathini! Na wewe unayekunja, hukuona?"

"Niliona. Nikakuambia, ukasema baadaye. Basi nikamwambia Shangazi."

"Shangazi yupi?"

Pini akaonyesha. Mama akamtazama yule asiye na kichwa, kisha akamtazama mwanawe juu hadi chini, kama mteja ambaye hajawahi kumpima. Macho yakamjaa maji. Hata hivyo mikono yake ilikuwa tayari inatafuta wembe wa kufumulia.

"Uache huo wembe, binti yangu." Alikuwa fundi viatu, amesimama mlangoni, ukuta haukumficha neno. "Macho yaliyoshindwa kuona mdomo wa mfuko, leo yatapasua shati katikati."

"Baba, sina nafasi!"

Mzee akaingia ndani. Aliinama, akauchomoa ule mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu la cherehani. "Mkanda huu siupendi. Nitauangalia. Ufuate kesho asubuhi." Akaondoka nao, na wembe akaufutika mfukoni. Mfuko wake ulikuwa na mdomo.

Cherehani ikanyamaza. Kimya kilikuwa kikubwa hata mama akageuka huku na huku kama aliyepoteza kitu. Akataka kufagia, Pini akaficha ufagio. Mwishowe wakakaa kizingitini, wametulia kama wageni wasiojuana. Kisha Pini akaanza habari za mwalimu, na za wenzake wasiomwita tena. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaegemea ukuta, akalala papo hapo, akikoroma kumshinda mzee. Pini hakumwamsha.

Asubuhi, kwa fundi viatu, mama aliugeuzageuza mkanda.

"Baba, mbona huu uko vilevile? Umetengeneza nini?"

"Nilisema nitauangalia. Nimeuangalia sana."

Mama alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Sasa nisikilizeni wote wawili," mzee akasema. "Mimi silali kwa uvivu. Ile saa moja ndiyo inayonipa macho ya saa zilizobaki. Na kukaa na shati mapajani ukitia vifungo si kupumzika, ni kufanya kazi umekaa. Kupumzika ni kuacha kabisa, ukawa na mtu wako. Kazi itakusubiri. Mtoto hasubiri, anakua."

Siku hiyo mama alifumua mifuko yote bila kukata hata shati moja. Jumatatu mwalimu mkuu alitia kalamu katika kila mfuko, mmoja mmoja, akaridhika.

Tangu hapo, saa kumi ikifika, mama aliuchomoa mkanda mwenyewe, akamvika Shangazi shingoni. Wenzake Pini hawakuja kumwita. Ilibidi awaendee yeye, mara tatu, kabla hawajamwachia kamba. Alipochoka kuruka, alikuta mama amekwishatandika mkeka nje na sahani mbili.

Ndani, Shangazi alikula peke yake.