Mama Hakwenda Biharamulo

Kila asubuhi Jovitha alipotoka kufagia uwanja, alimkuta baba yake ameshatoa majembe mawili na kuyaegemeza ukutani. Moja lilikuwa la baba, la pili la mama. Baba aliyatazama kidogo, kisha akalirudisha ndani lile la mama na kwenda shambani peke yake. Jovitha aliona, akanyamaza. Siku hizi nyumbani kwao Kasulo kunyamaza kulikuwa kazi kama kazi nyingine.

Mama yake, Melania, alikuwa na saratani ya matiti. Hospitali walikuwa wameeleza bila kuzunguka kwamba imeshaenea mwilini na haitapona. Zilikuwepo dawa za kumtuliza maumivu tu, na ilibidi arudi kliniki kuzichukua kabla hazijaisha. Pancras, baba yake Jovitha, aliyasikia maneno hayo akayafungia moyoni. Wanawake wa jumuiya walipokuja kusali na mgonjwa, aliwasimamisha mlangoni, akawaambia Melania hayupo, amekwenda Nyabusozi kwa dada yake, kule Biharamulo. Hakuwa mtu wa uongo. Aliogopa tu yale macho ya watu, yanayomtazama mume kana kwamba ameshafiwa.

Uongo huo uliwakaba wote. Mama, aliyezoea kucheka mpaka majirani wakasikia, sasa alikohoa ndani ya kanga. Baba alimfulia nguo nyuma ya nyumba jua likizama, asionekane. Kanisani aliacha kwaya akawa anakaa benchi la nyuma. Na shuleni, Scola alipouliza mama anarudi lini, Jovitha alijibu kwamba hajui, kisha mapumziko yote akakaa nyuma ya darasa. Ilimuuma kumkwepa rafiki anayekaa naye dawati moja.

Siku ya kliniki ilipofika, dawa zilikuwa zimebaki chache. Baba aliita bodaboda kutoka Benaco. Wakampandisha mama kwenye pikipiki, lakini kabla haijaondoka alishika kifua na kulia kwa maumivu. Wakamrudisha kitandani. Dereva akaenda zake, na baba akaketi kizingitini, mikono kichwani.

Njia nyingine ilikuwepo, na Jovitha na baba yake waliijua. Kijijini kwao kulikuwa na chama cha ingobyi, ile machela ya kusuka inayobebewa wagonjwa mabegani hadi barabarani. Kila kaya ilikuwemo, na baba mwenyewe alishabeba wengi. Mwenyekiti wa chama, mzee Telesfori, aliishi ng'ambo tu ya migomba yao.

"Baba, nikamwite mzee Telesfori?" Jovitha aliuliza.

"Tutamwambia nini? Mgonjwa mwenyewe yuko Biharamulo."

Kutoka chumbani ikaja sauti ya mama, dhaifu, lakini yenye utani wake wa zamani. "Mwambieni nimerudi."

Baba alitaka kucheka, kikamtoka kilio. Jovitha hakuwahi kumwona baba yake akilia. Aliogopa, na papo hapo, bila kuelewa kwa nini, akajisikia nafuu.

"Nenda," baba alisema. "Usimdanganye tena. Mwambie yote."

Alimkuta mzee Telesfori akichambua maharage. Alimpa shikamoo, mzee akaitika marahaba, na hapo yote aliyoyabana yakamtoka: saratani, uongo, dawa, pikipiki. Alipomaliza alitazama chini akisubiri kugombezwa.

"Tulijua, mjukuu wangu," mzee alisema. "Kikohozi cha mama yako tunakisikia. Lakini ingobyi haiingii kwa mtu bila kuitwa, ni kama kumtakia kifo. Tukakaa tukimsubiri baba yako." Akaweka ungo chini. "Ila kuja bila ingobyi, kukaa tu na baba yako, hakuna aliyetukataza. Hapo na sisi tumekosea."

Wanaume walikuja upesi. Baba alishika mpini wa machela, wakamwondoa kwa upole. Kwa desturi yao mume habebi. Hutembea karibu na kichwa cha mgonjwa, ili mgonjwa amwone. Basi Pancras, aliyekuwa akikwepa macho ya mke wake tangu siku ile ya hospitali, sasa hakuwa na pengine pa kutazama. Walipoanza kuteremka kuelekea barabara ya lami, ambako gari la kukodi lilikuwa likiwasubiri, alimwambia kwamba anaogopa, na kwamba hajui atalalaje katika nyumba ile bila yeye.

Mama alinyoosha mkono, akamshika kidole. "Hata mimi naogopa, Pancras. Nilikosa wa kumwambia."

Jovitha, aliyekuwa nyuma yao na mfuko wa nguo, aliwasikia wakizungumza hadi chini.

Waliporudi na dawa, mzee Telesfori aliketi na baba uwanjani, Jovitha akiwa pembeni.

"Ugonjwa huu hatuwezi kumwondolea Melania," alisema. "Lakini ukimficha mgonjwa unampa ugonjwa wa pili, ule wa upweke, na huo umewapata hata wewe na mtoto. Ukizidiwa, sema. Kulia si aibu, na kuomba msaada si kushindwa."

Baba aliitika kwa kichwa.

Jumapili, baada ya misa, wanawake wa jumuiya walipiga hodi. Scola alikuja nao, amebeba kibuyu cha maziwa. Dafroza, kiongozi wao, aliuliza kwa kusitasita kama leo Melania yupo.

Jovitha alimtazama baba yake. Baba alisogea, akaufungua mlango wote.

"Yupo," alisema. "Karibuni ndani, anawasubiri."