Nani Alichomoa Waya wa Bubu?

Gari lilikuwa halina chaji tena, na Bibi alikuwa amekwisha vaa viatu vya kwenda hospitali.

Mama alisimama bandani, nyuma ya nyumba, akaitazama skrini ya gari kana kwamba imemtukana. Gari lenyewe lilikuwa zuri: fupi kwa urefu lakini limeinuka, viti vya ngozi, skrini pana kama televisheni, nafasi ya familia nzima na mizigo yao. Halikunywa mafuta, lilikula umeme. Lilipotembea halikunguruma, ndiyo maana majirani waliliita Bubu. Mama alijibana miaka mingi akalinunua kwa ajili ya Bibi, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka na damu yake ilisafishwa kwa mashine, mbali, upande wa pili wa mji.

"Jana nimelichomeka mwenyewe," Mama alisema. "Nikasikia 'ka!', nikaona taa ya kijani. Leo taa haipo, na chaji iliyobaki haifiki hata nusu ya njia."

"Umeme hauna mabawa," Baba akasema. "Kuna mtu anauchukua." Macho yake yakaenda getini.

Getini alikaa mlinzi. Watu walimwita Mjomba Tochi, kwa sababu tochi yake hakuiacha hata jua la mchana likiwaka. Alikuwa na birika la umeme la kuchemshia chai, na alilichemshia bandani, karibu na Bubu.

Chiriku, binti wa nyumba, alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo usiojua likizo. "Baba, juzi nilimwona anatoka bandani na birika," alisema. "Tena alikuwa anatembea polepole, kama mtu anayeficha kitu."

Mtu mwenye birika la maji ya moto atatembeaje? Lakini ukishamshuku mtu, hata kukohoa kwake ni ushahidi.

Mama alikodi teksi akaondoka na Bibi. Baba akamwita mlinzi.

"Tuambiane ukweli, mzee mwenzangu. Unachomoa waya wa gari ili upate chai?"

"Hapana, bosi. Ukutani kuna soketi mbili. Birika lina yake."

"Kwa hiyo waya umejichomoa? Una miguu?"

"Kama una miguu sijui. Ninachojua, mkono wangu haujaugusa."

Mjomba Tochi alimtazama Chiriku, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Chiriku aliliona jicho lile. Moyoni akasema, "Huyo! Mwenye hatia hatulizi macho."

Bibi alirudi bila kusafishwa damu. Walichelewa, mashine ikapewa mgonjwa mwingine. Baba aliposikia hayo hakungoja tena. Mjomba Tochi alikunja koti lake, akachukua birika na tochi, akatoka kwa mguu.

Jioni ile Chiriku alifanya alichozoea kufanya Mama akiwa jikoni. Alichukua ufunguo kwenye msumari wa ukumbini, akamwita Mapengo, mtoto wa jirani, wakaingia ndani ya Bubu kutazama katuni huku wakipulizwa na hewa ya baridi. Bubu hakukubali kuwashwa akiwa na waya, kwa hiyo Chiriku aliuchomoa kwanza.

"Tusije tukamaliza chaji," Mapengo alisema.

"Chaji ipi? Umesikia likinguruma? Gari la Baba la zamani ndilo lilikuwa linakula, na mtaa mzima ulilisikia. Hili limenyamaza, limelala."

Mama alipoita, walitoka mbio. Chiriku aliisukuma plagi kwenye tundu lake ubavuni mwa gari, akafunga gari, akakimbia kula.

Asubuhi taa ya kijani haikuwapo. Baba alishika kiuno. "Basi ni yule mchomelea vyuma wa ng'ambo ya ukuta! Nimemshuku siku nyingi."

"Ngoja kwanza," Mama alisema. Aliivuta plagi, ikatoka kama jino la maziwa. Akaisukuma hadi mwisho, ka! Akafunga gari. "Haya, Baba Chiriku, ichomoe."

Baba alivuta. Akaweka mguu kwenye gurudumu, akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Haitoki!"

"Haitoki mpaka gari lifunguliwe kwa ufunguo. Tochi hana ufunguo, na jirani hana. Ufunguo unalala kwenye msumari wetu."

Bibi alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, miguu imevimba hata mikanda ya sandali haikufunga. "Kumbe mchawi wetu tunakula naye sahani moja," akasema.

Chiriku angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemtaja. Lakini aliitazama ile miguu.

"Ni mimi, Mama. Mimi na Mapengo. Lakini lilikuwa kimya!"

"Kimya si kulala, mwanangu. Ile baridi na zile katuni zilitoka kwenye betri. Kisha ukaacha plagi nusu nje, usiku kucha hakikuingia kitu."

Walimkuta Mjomba Tochi kwenye geti la ghala la simenti, amekwisha pata kazi. Baba aliomba radhi, akamsihi arudi. Chiriku naye alipiga magoti akaeleza yote.

"Niliwaona," mlinzi alisema. "Nilidhani mmepewa ruhusa."

"Mbona hukusema?" Baba akauliza.

"Mliniuliza nimechukua nini. Hamkuniuliza nimeona nini. Na mtu aliyekwisha kuitwa mwizi akimtaja mtoto, nani atamsadiki?" Akamgeukia Chiriku. "Simama, mama. Nimekusamehe. Ila siku nyingine, kabla hujamnyooshea mtu kidole, kikague kwanza kiganja chako. Na usipolikiri kosa lako mapema, mwingine atalibeba." Kisha akamwambia Baba, "Kurudi sirudi."

Kwa hiyo gharama ilikuwa hii: Bibi alikosa zamu yake ya mashine na hakuweza kuvaa viatu hadi zamu iliyofuata. Mapengo alikatazwa kuvuka ukuta. Ufunguo ulihamia mkobani mwa Mama. Na kila Chiriku alipotoka kwenda shule, alipita getini penye kiti kitupu.